Redio Isiyotangaza Vifo

Mami alianza kulia kwa sababu ya redio. Stesheni ya Kikuyu aliyoisikiliza tangu nikiwa mdogo husoma matangazo ya vifo kila mchana: jina la marehemu, majina ya watoto wake, na mahali watu watakutana kupanga mazishi. Ugonjwa wa kusahau ulipomkolea, mama yangu aliamini kwamba kila anayetajwa ni wa kwao. Alivua kitambaa cha kichwa na kulia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba dakika hiyo hiyo.

“Nani amekufa, Mami?”

“Dada yangu! Si umesikia wakimsoma?”

“Huyo si dada yako. Dada zako walienda kitambo.”

“Wewe unawajulia wapi dada zangu?”

Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya kufundisha kompyuta katika chuo kimoja cha Ruiru, nikarudi Kiganjo, Thika, kukaa naye. Tulikuwa wawili tu tuliomzunguka, mimi na dada yangu anayeishi Gatongora, huko huko Ruiru, naye ana kazi na watoto. Tukakubaliana tuizime redio.

Kukaa bila redio kulikuwa kubaya zaidi. Nyumba ikinyamaza, Mami aliamini wenzake wameamka wakaenda kuchuma kahawa, wakamwacha. Alikuwa msichana kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, na sasa alirudi huko kila siku bila kuondoka kwenye kochi. Kisha akaanza kuondoka kweli. Alivaa gambuti zake za mpira, akachukua ndoo ya kufulia, akaelekea getini. Ploti yetu ina wapangaji, geti halikai limefungwa. Nilimrudisha kwa mkono, akanipiga kofi mgongoni, akaniita mwizi.

Muziki ndio uliomtuliza. Siku moja nilimwekea kwenye simu benga ya zamani, akakaa, vidole vikacheza juu ya goti. Nikadhani nimepata dawa. Lakini katikati ya wimbo kuliingia tangazo, mwanamume akipiga kelele kuhusu kamari, na Mami akaruka akitafuta mlango. Siku nyingine mtu alinipigia simu, muziki ukakatika, na nilipomaliza kuongea nilimkuta tayari ameshika ndoo.

Ndipo nikaamua kumtengenezea chombo chake mwenyewe, redio isiyo na mtangazaji. Zile mashine za madukani za kucheza muziki kupitia wifi zilikuwa juu ya uwezo wangu. Nikatafuta mtandaoni kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyotumika, yenye ukubwa wa kadi ya benki, na kadi ya sauti ya kuipachika juu yake, kwa sababu sauti ya bodi peke yake ilikuwa na mkwaruzo. Nilitoa chini ya kitanda amplifaya na spika za marehemu baba. Laptopu yangu ya zamani, iliyovunjika kioo, nikaiweka chumbani kwangu iwe ghala la nyimbo: benga, kwaya za kanisa, na kanda za nyumbani ambazo nilizihamisha moja moja. Ile bodi ndogo ingekaa sebuleni ikivuta nyimbo kutoka kwenye laptopu kupitia rauta ya nyumba, nami ningechagua za kucheza kwa simu hata nikiwa jikoni. Niliitia ndani ya kidishi cha plastiki cha chakula, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto ili isichemke.

Chombo kilipolia mara ya kwanza Mami aliinua uso. “Leo wameanza mapema,” akasema, akatabasamu. Nilienda jikoni nikajifuta macho na kitambaa cha vyombo.

Kabla chai haijachemka, muziki ulikatika. Chaja ya simu niliyokuwa nimetumia haikuwa na nguvu ya kutosha, hivyo kila sauti ikipanda bodi ilizimika na kuanza upya. Nikatafuta chaja inayofaa. Halafu stima ikapotea mtaani, na iliporudi, bodi iliwasha taa nyekundu ikabaki hivyo. Kukatika kwa ghafla kulikuwa kumeharibu memori kadi, pale ambapo programu yote hukaa. Nikaweka programu upya. Muziki ukarudi. Stima ikapotea tena, kadi ikafa tena.

Mtu akisikia hivi anaweza kusema ni mambo madogo. Kwangu, kila kimya kilikuwa na mama ndani yake, akivaa gambuti. Nilikuwa nimeacha kuoga kwa utaratibu. Nilikula nimesimama. Nilimwombea mama yangu alale, kisha alipolala niliogopa kumwangalia kama anapumua. Asubuhi moja, nikiwa nimeinamia laptopu nikiandika kadi upya, nilikuwa nikiisemesha kwa sauti, nikiibembeleza kama mtoto asiyetaka kula: tafadhali, tafadhali, hii mara moja tu.

Nilipogeuka, kochi lilikuwa tupu.

Nilikimbia hadi barabarani. Niliwauliza wapangaji, wenye vibanda, watu wa boda. Mmoja alisema amemwona shosho mzee mwenye ndoo akielekea stejini kwa matatu. Huko hakuna aliyemkumbuka. Nikaenda hospitalini Thika, nikazunguka sokoni, nikichungulia uso wa kila mwanamke mzee mwenye sweta ya kijani. Nilimpigia dada yangu.

“Mami amepotea.”

Akasema polepole, “Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa natengeneza ile kitu.”

“Ile kitu,” akasema, akaanza kulia. Nilisimama kando ya barabara kuu, magari yakipita kwa kasi kuelekea Nairobi, na nikapata wazo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kama limempata la kumpata, basi na liwe limekwisha haraka. Hapo hapo nikaanza kumwomba Mungu asinisikie.

Simu ililia saa za alasiri. Dada yangu alikuwa ameshona kipande cha kitambaa chenye namba zetu ndani ya sweta zote za Mami, na aliyepiga alikuwa mlinzi wa estate moja huko Gatongora, si mbali na kwa dada yangu.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi la mlinzi, kikombe cha uji mkononi, ndoo miguuni. Nyuma yake kulikuwa na nyumba mpya za ghorofa zinazofanana, mahali ambapo zamani palikuwa na kahawa tupu.

“Ameshushwa na matatu hapo barabarani, akaniambia amechelewa,” mlinzi alisema. “Anataka nimfungulie apeleke kahawa kabla mizani haijafungwa. Ananiuliza mistari ya nyumba za wafanyakazi ilienda wapi.”

“Asante sana, mzee. Ni mama yangu. Mami, twende nyumbani.”

Aliniangalia kwa utulivu kabisa. Akamgeukia mlinzi. “Huyu simjui. Usimruhusu anichukue.”

Mlinzi akasimama kati yetu. Hakuwa mkali, lakini hakusogea. Aliniomba kitambulisho, nikampa. Nikamwonyesha picha kwenye simu, mimi na Mami siku ya harusi ya dada yangu. Aliitazama, akanitazama, na bado hakuridhika, na simlaumu. Nilikuwa nimechafuka, macho mekundu, na mama mwenyewe alikuwa amejikunja nyuma yake akiishika ndoo kama ngao. Nikakaa chini kwenye kokoto.

Dada yangu alifika akikimbia, viatu mkononi. Mami hakumjua naye. Lakini dada yangu aliiona ndoo, akaniangalia pale chini, kisha akavaa viatu vyake, akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, “Mizani inafungwa. Wenzetu wametangulia. Unakuja ama nikuache?”

Mami akaruka juu. “Ngoja! Usiniache!”

Tulitoka hivyo, wao wawili mbele wakishikana mikono, mimi nyuma nimebeba ndoo.

Baada ya siku hiyo wapangaji walikubali geti lifungwe, ingawa mmoja alihama kwa hasira. Nami nilirudi kwenye bodi kwa sababu sikuwa na kingine cha kurudia. Nilisoma mpaka nikajua kuiweka kadi iwe ya kusomwa tu, isiandikwe chochote, ili stima ikikatika kusiwe na cha kuharibika. Nikapanga nyimbo zipokezane, moja ikififia nyingine ikiwa tayari imeanza, pasiwe na pengo la kimya. Stima ikipotea bado tunakaa bila muziki, lakini ikirudi nyimbo zinaanza zenyewe.

Siku nilipomaliza nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya spika, nikifunga waya. Kwaya ikaanza. Mami akainama kunitazama.

“Fundi, imepona?”

“Imepona.”

“Nani amekutuma?”

Nilikaza waya wa mwisho. “Kijana wako.”

“Niko na kijana?”

“Ndiyo.”

“Mwambie aje anione,” akasema. “Mwambie nimekaa sana.”

Tangu hapo mimi ni fundi. Nikisema ni mwanawe ananiogopa, anaita majirani. Nikiwa fundi ananiruhusu kumlisha, kumkata kucha, hata kumbadilisha nguo, kwa sababu anadhani ni sehemu ya kazi niliyotumwa. Dada yangu hawezi kuvumilia kuona hivyo, na akija hutoka nje nikianza. Muziki nao haumshiki kila siku. Ziko siku anageukia ukuta na kulia huku kwaya ikiimba, na siwezi kumwondolea hilo kwa waya wala kwa programu yoyote.

Majuzi nilikuwa nikipangusa vumbi kwenye kidishi cha bodi, akaniita.

“Fundi, ulimwambia yule kijana?”

“Nilimwambia.”

“Akasemaje?”

“Alisema anakuja.”

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akajisogeza kidogo kwenye kochi, akapangusa upande wa pili kwa kiganja, akaacha nafasi ya mtu mmoja.