Bei ya Verna

Verna Tregilgas huwasikiliza farasi akiwa amefumba macho. Husimama kwenye uzio wa mbao, pale kona inapoanza, kofia ya majani imemfunika nusu ya uso, na mgeni akimwona hudhani bibi wa watu kasinzia kwa joto. Wenyeji wa Tarrawil, mji wetu mdogo wa Australia, hawamsumbui. Wanajua kwamba wakati farasi wanapitishwa uwanjani kupasha misuli, Verna anasikiliza mikanda.

Mikanda mingi kaishona mwenyewe. Farasi wa kwetu si wale wanaopandwa mgongoni. Huvuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, dereva kakaa karibu na mkia, na mwendo wao ni miguu ya upande mmoja kwenda pamoja, kulia kisha kushoto, kama mtu anayetikisa kitanda cha mtoto. Mikanda ya ngozi hufungwa miguuni ili mwendo huo usivurugike. Farasi akiuvuruga akaanza kuruka, basi tena. Lazima dereva amrudishe nyuma huku wenzake wanakwenda zao. Verna alirithi kazi ya kushona mikanda kutoka kwa baba yake, katika kibanda cha mabati ambamo mpaka leo mnanukia nta, na katika kushona huko sikio lake likajifunza jambo ambalo hakuna aliyelifundisha. Farasi aliye tayari, mikanda yake hulia sawasawa, kwa upole, mpaka anayesikiliza anahisi usingizi.

Jumapili za mbio hakuwa na shughuli nyingine. Vumbi la ngano limetanda, maghala yanacheza kwenye joto kwa mbali kana kwamba yataruka, na yeye yuko uzioni anangoja farasi wa kumlaza. Akimpata, alifumbua macho, akavuka nyasi mpaka kwa Colin Pascoe, akaweka dola tano. Mara moja kwa siku. Asipompata hakuweka kitu. Alikunywa chai akarudi nyumbani ameridhika vilevile. Tangu mumewe, Les, alipofariki wakiwa bado vijana, Verna alikuwa mtu wa kuota mchana, na dunia kumlipa au kutomlipa hakukumkosesha usingizi.

Colin alikuwa mpokea dau wa mwisho kubaki pale uwanjani. Alikuwa na mwavuli wa mistari ya kijani, ubao wa baba yake na chaki sikioni. Mkewe alimwacha akaenda Queensland na muuza matrekta, habari ambayo Colin huisimulia kama mtu anayetaja kwamba jana kulinyesha. Mtu aliyetaka kubeti alikuwa na njia mbili. Kwenye dirisha la klabu, hela za wote huingia chungu kimoja, wenye chungu huchota chao kwanza, na masalio ndiyo hugawanywa kwa walioshinda. Kwa hiyo bei ya dirishani hupanda na kushuka hadi farasi wanapoondoka. Kwa Colin, bei ikishatamkwa haigeuki. Akikuambia sita, utalipwa sita kwa kila dola, hata mbingu zianguke.

"Nani leo, bibie?" angeuliza.

"Namba nne."

"Yule ana roho ya mama mkwe. Ubao unasema sita."

"Macho ninayo, Pascoe."

"Haya, wewe chukua saba."

Ilikuwa hivyo kila mara. Ubao ukisema sita, kwa Verna ni saba. Ukisema tatu, kwa Verna ni nne. Wengine walilalamika, Colin akawaambia waende wakashone mikanda kwanza. Verna mwenyewe aliona ni biashara tu, kama muuza nyanya anavyoongeza moja juu ya fungu. Akishinda, alirudi kuchukua chake, wakazungumza kidogo juu ya mvua na waridi zake. Akiliwa, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chai, maana aliyeliwa hana cha kumrudisha kwa mpokea dau. Sote ndivyo tulivyo.

Kisha akaja Brodie, mpwa wake, muuza matairi huko Bendigo, kijana mwema mwenye kasoro moja tu, kwamba kila jipya kwake ni neema.

"Shangazi, ukiliwa Pascoe anakupa nini?"

"Ananipa pole."

"Hawa wanaopokea dau kwa simu wanakupa hela. Senti nane katika kila dola unayoweka, ushinde usishinde. Mradi mwisho wa mwezi uwe umefikisha kiwango chao."

"Senti nane zitaninunulia nini?"

"Haba na haba, shangazi."

"Hujaza kibaba. Nani aliyekufundisha?"

Brodie akacheka, akamwekea kila kitu kwenye simu, akaondoka na chupa mbili za jemu ya aprikoti kavu, na yule tuliyemjua uzioni akaanza kupotea taratibu.

Maana dola tano za Jumapili hazikukaribia kiwango hata kwa kuota. Ikabidi Verna aweke na Jumatatu, na Jumanne, kwa farasi wa Perth na wa Brisbane ambao hajawahi kusikia hata mmoja wao akikohoa. Alikaa jikoni asubuhi, chai inapoa, na kwenye kioo kidogo farasi wakakimbia bila sauti chini ya taa za miji ya mbali, wadogo kama sisimizi. Namba zilipanda na kushuka, akazitazama mpaka macho yakawa mazito. Ilikuwa ni kuota pia, lakini ndoto ilikuwa ya mtu mwingine, naye kaiazima tu. Mwisho wa mwezi marejesho yakaingia kweli. Alifurahi. Hakujiuliza ni kiasi gani kilitoka ili hicho kirudi.

Kilichomchanganya ni bei. Anaweka dau bei ikiwa nane. Farasi wakishaondoka, tayari wako njiani, bei inakuwa nne. Akampigia Brodie.

"Dau za simu nazo huingia chungu kimoja, kama za dirishani. Hao ni wakubwa, shangazi. Wana kompyuta, wanangoja sekunde ya mwisho ndipo wanamwaga mahela yao. Wao wanarudishiwa zaidi kuliko sisi, kwa hiyo hata bei ikiharibika bado inawalipa."

"Kwa hiyo wanakula bei yangu, kisha mimi narudishiwa makombo ya bei yangu mwenyewe?"

"Ukisema hivyo inasikika vibaya."

"Inasikika ilivyo."

Lakini hakuacha. Mwezi ulikuwa haujafika kiwango, na kuacha katikati aliona ni kupoteza. Mtego mzuri haumshiki mtu mguu, humshika hesabu.

Jumapili bado alikuja uwanjani, ila sasa alikaa kivulini na simu mapajani. Colin, kwa mbali, aliinua chaki juu. Verna akainua mkono wenye simu. Ndiyo ikawa salamu yao mavuno yote na baada ya mavuno. Watu waliokuwa wakipanga mstari mbele ya mwavuli wa kijani nao walikuwa kivulini, vichwa vimeinama, na Colin alisimama peke yake kama aliyetangulia kufika kwenye harusi.

Jumapili moja simu iliisha chaji. Verna akaenda uzioni kwa mazoea, akafumba macho, akangoja. Farasi wakapita. Alisikia kelele tu, kama vyombo vinaoshwa chumba cha pili. Wakapita tena. Hakusikia mmoja mmoja, hakusikia nani yuko tayari, hakusikia hata mikanda aliyoishona kwa mikono yake wiki ileile. Aliogopa. Hajaogopa hivyo tangu msiba wa Les.

Akaenda kwenye kibanda cha chai, akajishika mezani. Noelene, anayeuza keki pale, alimsogezea kikombe bila kuulizwa.

"Umesikia Pascoe anafunga?"

"Anafunga nini?"

"Kazi. Jumapili ijayo ndiyo mwisho. Hata mwavuli anauza. Ameniuliza kama unaumwa."

"Mimi?"

"Anasema hujaja kwake tangu mavuno. Nikamwambia huumwi, umepata simu."

Noelene ana ulimi, na siku ile Verna aliiacha chai bila kuinywa. Alirudi nyumbani, akaitumbukiza simu kwenye kopo la unga, akajifungia kibandani. Wiki nzima alishona. Alizipiga ngozi kwa kiganja, akazisugua, akazisikiliza zinapogongana kwenye misumari upepo ukipita, mpaka kidogo kidogo zikaanza kuwa na sauti mbalimbali. Kama Colin angeondoka Verna akiwa bado kiziwi, aliona, angekuwa amepoteza vyote viwili bila hata kuviwekea dau.

Jumapili ikafika, anga nyeupe, joto la kulaza mbwa barabarani. Alisimama uzioni tangu shindano la kwanza. Hakusikia. La pili, la tatu, hakusikia. Jioni ikawa inakaribia, farasi wa shindano la mwisho wakatolewa, akafumba macho na kuyabana. Wakapita mara ya kwanza. Mara ya pili, katikati ya zile kelele, palikuwa na kitu kinachobembea. Kulia, kushoto. Alipofumbua macho aliona ni jike wa kahawia, namba sita, aitwaye Pazia la Jikoni.

Alivuka nyasi haraka kuliko umri wake. Colin alikuwa ameshafuta nusu ya ubao.

"Nani leo, bibie?" alisema, bila kugeuka.

"Namba sita."

"Yule? Yule anaogopa hata kivuli cha masikio yake. Ubao unasema tano."

"Macho ninayo, Pascoe."

Hapo akageuka. Alikuwa amekonda. "Haya, chukua ishirini."

"Utafilisika."

"Nafunga, mama. Nifilisike kwa raha."

Verna alimpa noti, lakini hakuiachia. "Niambie kitu. Kwa nini ulikuwa unaniongezea bei?"

Colin aliitazama chaki yake. "Ili uje kwangu, usiende dirishani."

"Kumbe ni kama wale wa kwenye simu. Wanamrudishia mtu ili arudi."

"Ndivyo. Ila wao wanataka dola tano zako. Mimi dola tano zilinichosha tu kuziandika."

Verna akaiachia noti. Hakujua aweke wapi mikono yake. Nyuma yao farasi waliondoka, na wote wawili wakatazama uwanjani, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kutazama kule.

Pazia la Jikoni alikwenda vizuri. Alikaa wa tatu, akawa wa pili, na mwanzoni mwa kona ya mwisho akatokea mbele peke yake, mikanda inalia sawasawa hivi kwamba Verna aliisikia kutoka pale aliposimama, juu ya kelele za watu, na machozi yakamtoka. Sikio lilikuwa limerudi. Kisha jike akaona kivuli cha nguzo. Akaruka, mwendo ukavurugika, dereva akamvuta nyuma, na wengine saba wakampita.

Watu wakaguna, wakaanza kuelekea kwenye magari. Miguu ya Verna nayo ikageuka kwenda kwenye kibanda cha chai, njia ambayo miguu yake ilikuwa imeizoea kila alipoliwa. Alikwenda hatua chache. Kisha akasimama katikati ya nyasi, watu wakampita kulia na kushoto, akarudi.

Colin alikuwa ameshafunga mwavuli, sasa ameinama anauinua ubao upande mmoja. Aliona viatu vya Verna kwanza.

"Umeliwa, bibie," alisema kwa upole. "Hakuna cha kuchukua."

"Najua," Verna alisema, akashika upande wa pili wa ubao.