Chumvi Chini ya Kapeti

Harufu ya waya unaoungua haifanani na harufu nyingine ya moto. Ya kuni hukaribisha, ya taka hukera, lakini ya waya hukwama kooni na kuacha ladha ya chuma ulimini. Mwaka ule wa mvua nyingi, nyumbani kwetu Turwa, pembeni mwa mji wa Tarime, ndiyo iliyoniamsha asubuhi badala ya jogoo. Ilitoka kwenye gari la baba, gari la abiria lenye mlango wa kuvuta pembeni, lililosimama uani kati ya migomba na banda la mbuzi. Lilikuwa gari la kisasa, maana yake lilikuwa na kontroboksi, kile kisanduku kinachoamrisha injini, na lilikuwa na kiburi cha vitu vya kisasa. Likipenda liliwaka, lisipopenda lilizima katikati ya barabara ya Nyamongo, taa zote za dashibodi zikimetameta kwa pamoja na waipa zikicheza jua likiwa utosini. Abiria walishuka wakitukana, na baada ya muda hawakupanda tena.

Gari lile lilikuwa ng'ombe, na nasema hivyo bila fumbo. Dada yangu Bhoke alipoolewa Nyanungu, ng'ombe wa mahari yake waliletwa kwetu. Kwa desturi yetu Wakurya, ng'ombe wa binti hukaa zizini wakimsubiri kaka yake aoe. Kaka hatukuwa naye. Tulikuwa wasichana tupu, jambo ambalo baba alilichukulia kama dhuluma aliyofanyiwa yeye peke yake. Akawapeleka wote mnadani, akanunua gari. Bibi mmoja jirani alimwonya kwamba ng'ombe waliouzwa kabla ya wakati wao hawanyamazi. Baba alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka mapema.

Bhoke alirudi mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Alikuja kwa miguu, kanga imefungwa kichwani hadi chini ya sikio la kushoto, na mama alipoifungua sikio lilikuwa limevimba, damu imegandia ndani. Mumewe alikuwa amempiga, na haikuwa mara ya kwanza. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Bhoke alikuwa amevumilia vya kutosha na mbivu sikuziona. Haukupita muda wakaja wazee wa upande wa mume, wakakaa kwenye viti vyetu, wakanywa uji wetu, wakasema kwa upole kabisa kwamba wanataka mke wao au ng'ombe wao. Siku ile nilimpenda baba kuliko siku zote za maisha yangu. Alisimama akasema, "Binti yangu simrudishi akauawe. Gari likipona naliuza, ng'ombe zenu mtazipata. Nipeni mpaka mavuno." Wazee wakakubali. Ahadi ni deni, wakasema, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo tuliliuguza gari kama mtu. Fundi wa kwanza, wa hapo mjini, alikuja na taa yake ya kupimia, akaigusisha huku na huko, akabadilisha betri, kisha oltaneta inayochaji betri, kisha akaacha kupokea simu. Wa pili alikuja na mashine ya kusoma hitilafu. Aliichomeka chini ya usukani, nayo ikataja magonjwa mengi mpaka mwenyewe akakuna kichwa. Akabadilisha sensa moja, kidude kinachoipa kontroboksi taarifa za injini, gari likaenda hadi sokoni na kurudi, kesho yake likazima tena. Mahindi yalianza kutoa mbelewele. Bhoke alikuwa akipalilia shamba la nyuma ya nyumba, na kila injini ilipojaribiwa alisimamisha jembe na kugeuza sikio lake zima. Injini ikifa, aliendelea kulima. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kabisa kwamba uhai wa dada yangu ulikuwa umefungwa ndani ya nyaya zile, na niliziogopa.

Fundi wa tatu aliitwa Masanja, Msukuma aliyekuja Nyamongo kuchimba dhahabu, akaikosa, akarudia ufundi wake wa umeme wa magari. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye kikohozi cha vumbi la mashimo. Hakuchomeka mashine kwanza. Alikaa juu ya tairi bovu akamuuliza baba gari lilikuwa limebeba nini kabla halijaanza kuugua. Baba akajibu kwamba lilibeba abiria, lingebeba nini kingine.

"Lilibeba chumvi," Bhoke akasema kutoka shambani.

Ilikuwa kweli. Mvua za kwanza zilipoanza, baba aliwapelekea wakwe zake Nyanungu magunia ya chumvi ya ng'ombe kama zawadi. Gunia moja lilipasuka njiani, na Bhoke, aliyekuwa bado kwa mumewe, ndiye aliyefagia gari. Iliyobaki ikalowa na kuzama chini ya kapeti. Masanja alifungua kiti cha mbele, akalivua kapeti, harufu ya kutu na ya zizi ikatupiga usoni. Chini yake palikuwa na nati iliyoshika waya wa athi kwenye bodi, imeota ukoga wa kijani. Akaweka ncha moja ya mita ya umeme kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ile nati, akatuonyesha namba iliyopaswa kukaa karibu na sifuri ikipanda. "Mzee, kontroboksi yako ni nzima," alimwambia baba. "Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Hapa njia ya kurudi imeliwa na chumvi." Akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akakata waya uliooza, akaunga mpya, akakaza. Gari likawaka mara moja, likanguruma bila kusita. Mama alipiga vigelegele. Bhoke aliacha jembe, akachota maji akaliosha gari lote hadi matairi, ili mnunuzi alikute safi.

Mnunuzi hakuitwa. Baba alisema atalijaribu kwanza hadi Nyamongo, akarudi jioni na nyama na sukari. Kesho yake akaenda tena. Mama alipomkumbusha, alisema mtu hauzi ng'ombe siku anapoanza kutoa maziwa. Mavuno yakafika, wazee wakaja, na baba hakusimama safari hii. Alitazama chini akasema, "Mwanamke ana kwake." Bhoke hakulia, alikunja kanga zake. Baba alimpeleka mwenyewe, nami nikiwa kiti cha nyuma nimeshika mkono wake. Njia nzima nilimwomba Mungu gari lizime. Tulipita mashimo, tulipita madimbwi, tulipanda vilima vya Nyanungu, na halikuzima hata mara moja.

Siku hizi mafundi wa Tarime wana mashine nzuri zaidi, na wengine huangalia waya wa athi kabla ya kuuza sensa. Siku hizi pia mwanamke aliyepigwa anaweza kufika polisi akasikilizwa, ingawa kwenye viti vya wazee ng'ombe bado wana sauti kubwa kuliko yeye. Baba amezeeka, na wageni wakija huwaambia kwamba gari lile ndilo lililotusomesha. Anasema kweli, na ndiyo maana siwezi kumjibu. Mimi ni mwalimu kwa nauli za barabara ya Nyamongo. Bhoke bado yuko Nyanungu, sikio la kushoto halisikii, kwa hiyo kumpigia simu ni taabu na mimi humwandikia ujumbe. Hakupata shule, hawezi kuusoma. Humpa mumewe amsomee. Basi namwandikia habari za mvua, za watoto na za afya ya mama.