Ligi Isiyo na Theluji

Shaka iliyoninyima usingizi wiki ile ilikuwa moja: nikisimamisha ligi ya mpira nitaonekana nimewapa ushindi mashifta, wale waasi wenye bunduki, nikiiacha iendelee, huenda mtu akafa.

Nilikuwa na miezi mitatu tu Garissa, kijana wa bara mwenye shahada mpya. Siku ya kwanza kazini mkuu wangu, Bwana Mratibu wa Michezo, alinikabidhi filimbi, mipira miwili na timu sita za askari na vijana wa mjini, akasema watu wakiona mpira unachezwa kila Jumamosi wataamini mji umetulia. Nikapanga ratiba. Mchana jua halikuvumilika, na jioni kulikuwa na kafyu, basi nikaweka mechi saa moja asubuhi. Nilijiona hodari.

Mimi niliyezoea kuwaza kila jambo mara kumi, sikuwaza kwamba saa hiyo askari walikuwa wanatoka doria ya usiku. Jumamosi ndiyo iliyokuwa asubuhi yao ya kulala, nami nilikuwa nimeichukua. Kisha Ramadhani ikaingia, vijana wa mjini wakawa wanacheza wamefunga, kiu ya siku nzima ikiwangoja.

Nikaanza kupima mapigo ya moyo kabla ya mechi, kwa kuwa moyo wa mchezaji aliyepumzika hupiga polepole. Moyo wa Konstebo Mutua, beki wa timu ya askari, ulikwenda mbio naye ameketi mchangani.

"Ulilala lini mara ya mwisho?"

"Jumatano, bwana. Kidogo."

Nilimwacha acheze.

Jumatatu akaja ofisini Abdi, winga wa timu ya mjini na mchuuzi wa mbuzi. Hakukubali kuketi. Alisema asubuhi ile, kwenye kizuizi cha barabara ya sokoni, Mutua alimwelekezea bunduki. Abdi akamwita kwa jina mara mbili, lakini macho ya Mutua yalikuwa wazi bila kumwona. Askari mwenzake ndiye aliyeusukuma mtutu chini.

"Jumamosi alinipiga teke, tukacheka," Abdi aliniambia. "Leo hakunijua, wallahi. Mwache huyu mtu alale, bwana. Mpira tutacheza baada ya Idd."

Nilikwenda kwa Bwana Mratibu, nikamweleza kwamba hata Ulaya ligi husimama majira ya baridi ili wachezaji wapumzike.

"Huko wana theluji," alisema. "Wewe theluji yako iko wapi?"

Akaniamuru nisiiguse ratiba.

Sasa nimestaafu. Kijana wa kazi hii akiniuliza jinsi ya kupanga ligi, humwambia aanze kwa kuuliza wachezaji wamelala kwa saa ngapi. Jibu hilo nililipata siku ile, nikiwa nimesimama nje ya mlango wa mkuu wangu, jasho limelowesha shati. Nilichukua karatasi nikaandika: Ligi imesimama hadi baada ya Idd. Nikatia sahihi yangu peke yake, nikaibandika ubaoni sokoni. Kisha nikatoa upepo kwenye mipira yote miwili, nikaikunja na kuitia kwapani, nikarudi kugonga mlango wa Bwana Mratibu.