Wifi kasugua sarafu za marehemu baba

Jumamosi. Asubuhi hapa Same kulikuwa na upepo na vumbi, na mpaka sasa nina hasira.

Baba aliniachia sarafu nne za madini ya fedha. Moja ina joka, nyingine simba mwenye mabawa, farasi mwenye pembe, na tai wa vichwa viwili. Alizifuta kwa kitambaa laini tu. Kuzisugua ilikuwa marufuku.

Leo narudi kutoka sokoni, namkuta wifi yangu aliyeshuka kutoka Chome, kule milimani, kazianika kwenye ungo pamoja na vijiko.

Kazisugua kwa majivu na mchanga. Kama sufuria.

"Wifi, zilikuwa nyeusi, na wageni wanakuja," ananiambia, anatabasamu.

Nikaokota ya joka. Magamba yote yamefutika. Tai kabaki na kichwa kimoja, nacho hakina jicho.

Nikamuuliza nani kamtuma.

Mama mkwe akadakia: "Mwenzio kainama tangu asubuhi. Mshukuru basi."

Wote wawili wakanigeukia, wakinisubiri.

Nikasema, "Asante, wifi."

Ninyi mngesema nini?

Nimeingia kitandani saa mbili na nusu usiku, wageni wakiwa bado wanakula.