Sufuria Nyeusi Kwenye Maji ya Ngulu

Nilipokuwa mtoto nilimtakia mtu mabaya, na mabaya yakamfika. Padri nimemwambia. Yule mtu mwenyewe bado.

Tulikaa kusini ya Kalemie, kwenye njia ya Zongwe, pale msitu unaposhuka mpaka ziwani. Watu wa mjini walikuja kupiga hema chini ya miti, na Papa, baba yangu, ndiye aliyewatembeza. Aliwapandisha kwenye maporomoko, ambapo maji yanapiga kelele mpaka mnaongea kwa mikono. Kisha kwenye mwamba wa juu, ambapo hewa ikiwa safi unaona milima ya Tanzania. Kisha kwenye kisima cha ngulu. Ngulu, wazee wanasema, ni mwenyeji wa mahali, anakaa ndani ya maji yale ya kijani katikati ya mawe. Kabla ya kukaribia, Papa aliwapigisha wageni magoti, wakapiga makofi polepole, naye akamwaga unga kidogo.

"Ni hodi tu," alikuwa anasema. "Hata kwa jirani munapiga hodi."

Jirani yetu, Papa Kasongo, aliitamani kazi ile. Siku moja alisimama mbele ya wageni, akacheka: "Ninyi watu wa masomo, munapigia mawe makofi? Huyu ni mulozi, muchawi! Unga wake anapikia mashetani!"

Wageni wakacheka naye. Toka siku ile akawatembeza yeye, na Papa akabaki nyumbani kusuka vikapu ambavyo hakuna aliyevitaka. Shuleni wakaniita mutoto wa mulozi. Sikujua bado kwamba mtoto anaweza kuchukia hivyo, mpaka chakula kinakosa ladha mdomoni.

Nkambo, mama yake Papa, alitukataza sikuzote kuchota maji kule kwa sufuria yenye masizi. "Mwenye maji hapendi weusi wa moto. Akikasirika, wa kwanza kufika njo yeye atalipa." Alisema vile ili tuogope. Mimi nikasikia njia.

Asubuhi moja, Kasongo akiwa bado anakusanya wageni kambini, nilibeba sufuria tuliyokaangia samaki kwa mawese. Nikaizamisha kisimani. Nikaisugua kwenye mawe, ndani na nje, mpaka maji yakawa meusi.

"Umukamate," nikayaambia maji. "Yeye tu."

Nikajificha nyuma ya mizizi. Kasongo alifika anapiga mluzi, hakupiga goti wala kofi. Akakanyaga jiwe la pembeni ili awaonyeshe kina. Mguu ukamteleza. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Papa alisikia makelele akaja mbio, naye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kambini. Tangu hapo wageni wakarudi kwa Papa, wakapiga makofi kuliko zamani. Nilifurahi, Mungu ananiona. Nilifurahi sana. Nkambo peke yake aliitazama sufuria.

"Hii imeoga lini?"

"Sijui, Nkambo."

"Haya. Usijue."

Lakini kijijini walikuwako waliosema: munaona, amemutumia ngulu, kweli ni mulozi. Jina lile likamfuata Papa mpaka kaburini. Na mimi hata hilo nililiweka juu ya Kasongo.

Leo mimi ni mtu wa kanisa, na imani imeninyima pa kujificha. Kama ni ngulu aliyemwangusha, ningesema ni mambo ya wazee. Lakini siamini ngulu. Ninaamini mawese juu ya jiwe, na mawese niliyapaka mimi.

Kasongo anaishi bado. Anakaa kando ya njia na mguu wake uliopinda, anaonya kila mgeni anayepanda kwenda maporomoko. Anaamini yule wa majini anamtafuta mpaka leo. Hashuki ziwani hata kunawa. Neno langu moja lingemfungua. Nami kila nikipita ninamwamkia, "Jambo, Papa," na moyo wangu unasema: kaa hapo hapo, uogope.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kesho misa ikiisha unisindikize kwake. Nikianza kumwongelea mvua na samaki, unifinye mkono.