Uso wa Mama Ezekia

Sogeza kigoda hapa, msomaji wangu, usikilize kitu. Nimetia betri nne, nasukuma swichi. Umesikia? Zziii, halafu tk. Hiyo ni lenzi ikitoka ndani ya kamera ambayo nilidhani imekufa zamani. Wiki iliyopita mama alipangua vitu juu ya kabati, akaikuta kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo vya makoti na tasbihi ya bibi iliyokatika uzi. Akaniletea hapa Lushoto mjini, kwenye chumba changu cha kupigia picha, akaiweka mezani na kusema, "Mwenzako huyu." Alikuwa anacheka. Mimi uso uliniwaka, nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia vumbi.

Mlio huo nilikuwa naupenda kuliko nyimbo za redioni. Leo ukilia natamani kujificha. Nitakueleza kwa nini, na nitaanza na kamera yenyewe, kwa sababu ukiielewa kamera utalielewa kosa langu bila shida.

Ilikuwa ya baba mdogo, Shabani, aliyekuwa akitembeza wageni huko Irente. Mgeni mmoja alimwachia alipopata mpya. Ilikuwa nene na nzito kama kipande cha sabuni ya kufulia ambacho hakijakatwa, na kioo chake cha nyuma hakikuzidi kiberiti. Haikuwa na filamu, na hilo pekee lilitosha kuwakusanya watoto wa kijiji kizima. Unapiga, unageuza, unajiona hapo hapo. Juu yake palikuwa na gurudumu dogo lenye alama. Ukiliweka kwenye alama ya kijani, kamera inafanya kila kitu yenyewe. Ukiliweka kwenye herufi M, unafanya wewe: unachagua mwanga uingie kwa muda gani, na tundu la lenzi lifunguke kiasi gani. Kwenye kona ya kioo inatokea namba. Ikiwa na alama ya kutoa, mwanga ni mdogo. Ikiwa na alama ya kujumlisha, umezidi. Ikifika sifuri, piga.

Baba mdogo alinifundisha hayo mimi, si binamu yangu Athumani aliyekuwa mkubwa kwangu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imetulia. Nilikuwa darasa la sita. Alikuwa anaeleza polepole, na kila baada ya maneno machache anauliza, "Zaina, umeelewa?" Nami najibu, "Nimeelewa." Nilijibu hivyo hata nilipokuwa sijasikia, kwa kuwa nilitaka anipe niishike. Siku alipoanza kunieleza kwamba sifuri wakati mwingine inadanganya, hasa kukiwa na ukungu, nilimkatiza katikati. "Nimeelewa, baba mdogo." Akanipa.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Mponde, mahali ambapo asubuhi unaamshwa na harufu ya chai inayokaushwa kiwandani, harufu kama ya majani mabichi yaliyopashwa kwenye sufuria. Baba alikuwa na shamba dogo la chai, na ng'ambo ya njia palikuwa na nyumba za vibarua waliotoka mikoa ya mbali. Mmoja wao ni Mama Ezekia, Muha wa Kasulu. Mwanawe Ezekia nilisoma naye darasa moja. Mama huyo alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na kikapu chake cha kuchumia chai kilijaa kabla ya vya wenzake kufika nusu. Kishambaa alijifunza salamu tu. Kila akipita mbele ya bibi yangu alisema "Onga mshi", salamu ya mchana, kwa lafudhi ya kwao, hata ikiwa ni saa moja asubuhi, na bibi alikuwa anamjibu kwa heshima zote, kisha anacheka akishaondoka.

Mama Ezekia hakuwa amefika kwao tangu Ezekia azaliwe. Siku moja alikuja nyumbani na aproni yake ya nailoni ikichuruzika maji, akakataa kukaa, akamwambia baba mdogo shida yake akiwa amesimama mlangoni. Mama yake mzazi macho yalikuwa yanafunga. Barua iliyokuja ilisema bado anaona kitu kikiwa karibu, ila haijulikani ni kwa muda gani. Kibarua mwenzake, Joshua, alikuwa anakwenda Kasulu Ijumaa. "Nataka anione, shemeji. Hata mara moja. Anione nilivyo sasa, siyo yule binti aliyemuaga."

Baba mdogo alikuwa anaondoka kwenda Vuga kwa wakwe zake hadi Jumatano. Alinitazama, akasema, "Zaina atakupiga. Anajua." Halafu akapanga yote: Alhamisi angekwenda Lushoto na kadi ya kamera yenye picha, ambako palikuwa na studio moja inayotoa picha kwenye kompyuta, na Ijumaa angemsubiri Joshua pale Soni, gari la kwenda Mombo likisimama, amkabidhi.

Hebu fikiria, mtoto wa darasa la sita kuambiwa "anajua" mbele ya mtu mzima.

Jumanne, Mama Ezekia alikuja baada ya kupima majani. Alikuwa ameoga, amepaka mafuta, amevaa kitenge cha njano chenye ndege ambacho hatukuwahi kumwona nacho. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, fundi wangu." Fundi! Athumani na watoto wengine kama kumi walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye ngazi za udongo zinazoshuka njiani. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na kutulia juu ya chai, mweupe kama pamba, na mimi nikaona huo ndio uzuri wenyewe. Nikamsimamisha ukungu ukiwa nyuma yake.

Alama ya kijani ingeweza kunisaidia kidogo, lakini alama ya kijani hata Athumani angeibonyeza. Nikazungusha gurudumu hadi M, taratibu, kila mtu aone. Fleshi tulikuwa tumeizima kwa sababu inakula betri, na betri zenyewe zilikuwa za kuanikwa juani zipate nguvu, na jua lenyewe halikuonekana wiki nzima. Bibi alizipasha pembeni mwa jiko. Nilikuwa na nguvu ya picha mbili, tatu kwa bahati. Nikageuza namba. Kutoa mbili. Kutoa moja. Sifuri. Nikapiga.

Wote wakanijia. Kioo kidogo kikaonyesha ukungu uliopendeza, kitenge kikiwa kimegeuka rangi ya udongo, na mahali pa uso, weusi. Macho hayakuwepo, pua haikuwepo. Kwa kuwa Mama Ezekia alikuwa ametabasamu, meno yalionekana.

"Meno tu!" Athumani alipiga kelele. "Yametoka meno tu!"

Nikapiga tena, sifuri ile ile, na picha ikawa ile ile. Watoto walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Athumani akasema, "Fundi gani huyu? Mrudishie baba mdogo kamera yake." Nilihisi masikio yakinichoma. Mama Ezekia alikuwa amenigeukia, ananisubiri mimi niseme kimetokea nini, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua.

Nikasema, "Siyo mimi. Mama Ezekia, wewe ni mweusi mno. Kamera haiwezi kukuona."

Naliandika neno lenyewe kama lilivyotoka, nisije nikalipamba. Nililisema kwa sauti ya kufundisha, sauti niliyoiga kwa baba mdogo. Vicheko vikanihama, vikamwendea yeye. Ezekia, aliyekuwa amekaa ngazi ya mwisho, aliinuka akaondoka. Mama yake alicheka pia, kiganja kikiwa mbele ya mdomo kufunika yale meno, akasema, "Basi, mwanangu. Kama haiwezi, haiwezi. Ahsante kwa kunijaribia." Akavuka njia kurudi kwake, akiinua kitenge kisiguse matope.

Baba mdogo alirudi Jumatano alasiri na betri mpya. Akageuza picha moja moja kwenye kioo, akafika kwenye zile mbili.

"Hii nyeusi ni nani?"

"Nilikuwa najaribu tu."

"Na Mama Ezekia umempiga?"

Sikuwa nimepanga kudanganya. Jibu lilijitokeza lenyewe, limevaa na kufunga vifungo. "Ameghairi. Amesema hataki tena."

Akashangaa kidogo, hakuuliza zaidi. Aliipenda mno kazi ya kueleza. "Njoo uone kosa la hii," akasema, akamwita bibi asimame mlangoni, ukungu ukiwa nyuma yake vile vile. "Kamera inapima kila kilichomo. Ikiona ukungu mwingi, inadhani mwanga umejaa kila mahali, nayo inataka upunguze. Sifuri hiyo ni ya ukungu, si ya bibi. Sasa msogelee bibi mpaka uso wake ujae kioo. Namba inasema nini?"

"Kutoa mbili."

"Irekebishe hapo hapo usoni mpaka iwe sifuri. Sasa rudi nyuma ulipokuwa, namba itapiga kelele, usiijali. Piga."

Nikapiga. Bibi akatokea wote: makunyanzi, chale za shavuni, jicho moja dogo kuliko jingine, hata unywele mweupe uliochungulia kwenye ushungi. Alipoonyeshwa akasema, "Kikongwe gani huyu mmemwingiza nyumbani kwangu?" Baba mdogo akacheka hadi akakaa. Mimi sikucheka. Bibi yangu alikuwa mweusi kuliko Mama Ezekia.

Nataka uielewe vizuri hali yangu saa ile. Sikuwa tena mtoto asiyejua. Nilikuwa na kamera, nilikuwa na betri mpya, nilikuwa na mwanga wa kutosha hadi magharibi, na nyumba ya Mama Ezekia ilikuwa ng'ambo ya njia. Nilichohitaji ni kuvuka na kusema maneno mawili.

Nilitoka kweli. Nilificha kamera ndani ya sweta, nikafika hadi kwenye ngazi za udongo. Athumani na wenzake walikuwa wanacheza pale, mmoja amejifunika shuka kichwani na kuacha meno nje, wengine wanaimba, "Meno tu! Meno tu!" Ningevuka ningewapita wao, na ningerudi baadaye nikiwa nimekubali kwamba mjinga wa jana alikuwa mimi. Nikasimama. Lenzi ikajitoa yenyewe ndani ya sweta, zziii, tk, ikanisukuma tumboni. Nikageuka nikarudi nyumbani.

Ijumaa asubuhi Joshua alipita njiani na mfuko wake begani. Zipu ilikuwa haifungi, na juu kabisa nikaona kitenge cha njano chenye ndege kimekunjwa. Nilidhani Mama Ezekia amekitoa zawadi. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba hakikuwa kimefuliwa tangu Jumanne. Alikuwa amemtumia mama yake kitu cha kumtambua kwa kunusa.

Hapo ningeweza kuishia, lakini aibu yangu haikuishia hapo. Mwaka uliofuata tulimaliza darasa la saba, na baba mdogo alikuja shuleni na kamera kumpiga kila mtoto na mzazi wake. Zamu ya Ezekia ilipofika, mama yake alirudi nyuma kwenye kundi la wanawake.

"Njoo, shemeji," baba mdogo akamwita.

"Mpige yeye. Mimi kamera hainioni." Akaniangalia, akatabasamu mdomo ukiwa umefungwa. "Zaina alinieleza."

Hakuwa ananichoma. Alikuwa anatoa ushahidi, kama mtu anayesema daktari kamkataza chumvi. Baba mdogo akanigeukia. Nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Picha ile ninayo hadi leo: Ezekia peke yake, mkono mmoja umetoka mbali kidogo na mwili, umeacha nafasi ya mtu.

Kazi ya kiwanda ilisimama nikiwa bwenini sekondari. Niliporudi likizo, nyumba za ng'ambo zilikuwa tupu. Sikujua wamekwenda wapi, na hakuna aliyejua kwa uhakika.

Utotoni nilidhani aibu yangu ni kushindwa kupiga picha. Hiyo ilikwisha siku moja tu. Iliyobaki ni nyingine: nilichukua kutojua kwangu nikamtwika mtu mwingine, naye, kwa kuwa aliniamini, akaubeba mzigo huo kama sehemu ya mwili wake. Siku hizi watu wanaingia hapa dukani wakisema, "Mimi huwa sitoki vizuri," nami najua kuna mtu aliwaambia hivyo. Nawaketisha. Sina haraka nao.

Sasa chukua simu yako, umpige mtu aliye karibu nawe. Mgeuze aelekee mwanga. Gusa uso wake kwenye kioo kwa kidole, ngoja macho yaonekane, ndipo upige. Mwonyeshe yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Ikitoka vibaya, mwambie, "Nimekosea mimi," kisha upige tena.