Wasifu Ulioandikwa kwa Vidole vya Mafuta

Yule mwenye steshenari pale Ngara mjini alikuwa anakula nyama ya mbuzi. Anang'ata, analamba vidole, kisha vidole vile vile anavirudisha kwenye kompyuta kuandika maisha ya mjukuu wangu. Shikamoo hakunipa. Alisema tu, "Mama, sogea kidogo, unanizibia mwanga." Mimi niliishia darasa la pili, lakini adabu ninaijua, na uchafu ninaujua pia.

Ilikuwa miaka ile ya kambi. Mjukuu wangu, wa kwanza nyumbani kwetu kumaliza kidato cha nne, alikuwa ameona tangazo limebandikwa ofisi ya kata huku Bugarama. Shirika moja lilitaka msichana wa kupokea akina mama wakimbizi kwenye kliniki ya kambini, awasikilize, amweleze daktari wanaumwa wapi. Barua za mkono hawazitaki. Utume wasifu kwa imeili, mwisho Ijumaa. Na Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo tuliyokuwa tumekaa kwa mla nyama. Ikipita, binti anarudi kwenye jembe.

Njiani nilimuuliza wasifu ni nini hasa.

"Ni karatasi ya kusema mimi ni nani, Bibi."

Basi nikafikiri ataulizwa yeye ni nani. Wala. Yule bwana alifungua faili la msichana mwingine, akafuta jina, akaweka la mjukuu wangu, amemaliza. Limeandikwa Kiingereza, kwa hiyo nikamwambia anisomee kwa Kiswahili. Alisoma huku anachokonoa meno. Eti mjukuu wangu anapenda kusafiri, kuogelea na kubadilishana mawazo.

"Huyu hajavuka Biharamulo," nikamwambia. "Na kuogelea ameogelea wapi, kwenye beseni?"

"Mama, wote tunawaandikia hivyo. Mashirika yanapenda."

Akaendelea. "Lugha: Kiswahili, Kiingereza."

Nikangoja lugha ya tatu.

"Na Kirundi?"

Mjukuu wangu akanifinya paja. Bwana yule akashusha sauti, kana kwamba ananifanyia hisani. "Mama, ukiweka Kirundi watauliza wazazi walitoka wapi. Wataona ni mkimbizi anatafuta kazi ya raia. Mimi hiyo huwa naifuta kwa wote."

"Mwache, Bibi," mjukuu akasema, macho chini. "Si wewe uliyetufundisha?"

Hapo kichefuchefu kikahama kutoka kwenye vidole vya yule bwana, kikaniingia mwenyewe. Kwa sababu ni kweli. Mama yangu alivuka mpaka akiwa amenibeba mgongoni, na watoto wangu wote nimewazalia Bugarama. Lakini kambi zilipojaa, mgambo walipita sokoni wametega masikio, wakisaka wakimbizi waliotoroka. Kihangaza cha majirani na Kirundi chetu vinafanana kama ndugu, ila mgambo wale walijua kuvitofautisha. Siku moja mjukuu huyu huyu, bado mdogo, alinisalimia kwa Kirundi mbele ya gunia langu la maharage. Nilimpiga kofi la mdomo, fizi zikatoka damu. Tangu siku ile tulisema Kirundi ndani tu, kwa kunong'ona, kama watu wenye maiti nyumbani. Na mimi nilijisifu kwamba nina watoto wenye akili.

Nikamgeukia. "Mama wa kambini, uchungu umemshika, atakulilia Kiingereza?"

Mkono wake ukaniachia paja.

"Wanatafuta masikio yanayojua Kirundi. Wewe unayo, halafu unampa huyu ayafute kwa mikono ya mafuta."

"Nikiandika akakosa, msije kunilaumu hapa," bwana akasema.

Mjukuu akasimama. Kisha akasema, "Kaka, naomba nikae hapo." Yule akainuka akijifuta mikono kwenye suruali. Binti alichukua pindo la kanga yangu, akapangusa vibonye kimoja kimoja, ndipo akaanza. Kirundi alikiweka juu kabisa, kabla ya Kiswahili. Kuogelea akakutoa. Akaandika kwamba ndiye aliyekuwa akinipeleka zahanati na kuniulizia dawa. Alipotaka kutuma, akaona ndani ni lake, lakini faili lenyewe bado linaitwa kwa jina la yule msichana mwingine. Kidogo tu aende kambini na jina la mtu. Akalibadilisha, akatuma.

Aliitwa, akapata. Wasichana wengine walioandikiwa kwenye steshenari ile, na wapo waliojua Kirundi kumzidi, hawakuitwa hata mmoja. Baadaye nikasikia yule bwana sasa anawaandikia Kirundi wateja wote, hata mabinti wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wasiojua hata kuomba maji kwa lugha hiyo. Nilipoambiwa nilitema mate chini, na sikuona aibu.

Mwezi wake wa kwanza ulipoisha, mjukuu wangu alikuja likizo, akanikuta sokoni, penye gunia lile lile. "Mwaramutse, Bibi," akanisalimia kwa Kirundi, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza dagaa.

Mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe. Aliuona. Akaushika, akaushusha taratibu, akangoja nimwitikie.

Niliitikia. Lakini kwa kunong'ona, na hilo ndilo linalonichukiza mpaka leo, kuliko mafuta yote ya yule mbuzi.